Dada Fundi Anajibu: Printa Haitoi Wino, Nani Kaiziba?

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za printa za wino, na kila mtu ana hedi (kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi) iliyoziba na kila mtu kashaambiwa na mtu mwingine cha kumwagia. Nimechagua tano, zilizobaki zinafanana sana na hizi kwa hiyo jitafute humo. Na wale mnaoandika "kaka fundi", mimi ni dada, nna watoto wawili na bisibisi kumi na nne.

Shikamoo dada fundi. Nina kastesheneri kadogo Dodoma, natumia Epson L3110 mwaka wa pili huu haijawahi kunisumbua. Juzi nimeenda msibani nikakaa siku tisa, kurudi nikiprinti inatoka mistari mistari myeupe, nyeusi ndo kabisa nusu haisomeki. Nimefanya hedi klini, ile ya printa kujisafisha yenyewe, mara nane siku moja, badala ya kupona imezidi, sasa hata njano imepotea na wino umejaa. Fundi wa hapa anasema hedi imekufa, nyingine bei yake inakaribia printa yenyewe. Nifanyeje?
*Mama Stesheneri, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Usinunue hedi kwanza, na hiyo klini iache leo hii hii, nitakwambia kwa nini.

Hiyo hedi yako ina vitundu 180 vya nyeusi na 59 kwa kila rangi nyingine, na kila kitundu ni chembamba kuliko unywele. Wino wenyewe sehemu kubwa ni maji. Maji yakikauka pale kwenye kitundu inabaki rangi, na rangi ikibaki peke yake inakuwa kama gundi. Ndo kuziba kwenyewe huko, hakuna uchawi.

Sasa waliotengeneza printa walijua, ndo maana hedi ina kitanda chake. Ukifunua mfuniko, upande wa kulia kabisa kuna kidude cha mraba chenye ukingo wa mpira na sponji katikati. Ukizima printa kwa kitufe chake, hedi inarudi pale, ule mpira unapanda na kuikumbatia kwa chini hewa isiingie, kama sufuria na mfuniko wake. Lakini ukiizima ukutani au kwenye ekstensheni ikiwa katikati ya kazi, au umeme ukikatika inaprinti, hedi inabaki njiani mdomo wazi. Nakuuliza siku ile unapigiwa simu ya msiba ulizimaje? Maana nawajua wenye stesheneri, mnabonyeza ekstensheni moja tu inazima kompyuta, printa, fotokopi na feni, mnafunga mlango. Siku tisa mdomo wazi na ukavu wa Dodoma na lile vumbi, ingekuwa ajabu isingeziba.

Hapo tumemaliza nyeusi. Njano umeiharibu mwenyewe, usinikasirikie. Hedi klini siyo dawa inayopita ndani inasugua. Kinachofanyika ni pampu ndogo iliyoko chini ya kile kitanda inavuta wino kupitia vitunduni, kama mtoto anavyovuta juisi kwa mrija. Sasa kama ukingo wa mpira una vumbi au wino uliogandia haukai sawa na hedi, pampu inavuta hewa badala ya wino, na unavyorudia rudia ndo unaingiza hewa hata kwenye rangi iliyokuwa nzima. Afu kila klini inamwaga wino kwenye pedi ya uchafu iliyoko tumboni mwa printa, na printa inahesabu. Hesabu ikijaa taa zinawaka kwa zamu na inagoma kabisa, hapo ndo utanitafuta kwa barua nyingine.

Fanya hivi. Leo usiku printi ile karatasi ya kukagua vitundu, ile nozo cheki yenye vistari kama ngazi, andika tarehe na saa kwa peni, zima kwa kitufe, ukalale. Iache masaa 12 bila kuigusa. Asubuhi printi nyingine uiweke pembeni ya ile ya jana. Kama mapengo yako palepale, hapo kweli pameziba. Kama mapengo yamehama, jana yalikuwa juu leo yako chini, hiyo ni hewa, na hewa dawa yake ni kupumzika, mapovu yanapanda yenyewe. Mimi mteja akija mezani kwangu bila karatasi mbili simgusii printa, na wengi wakirudi na ya pili njano imesharudi.

Mapengo yakibaki palepale anza na kile kitanda. Washa printa, hedi ikishaanza kutembea kwenda kushoto chomoa waya, sasa utaweza kuisogeza kwa mkono taratibu. Angalia kitanda. Juzi nilifungua moja ya mteja, sponji limeota ngozi juu kama maziwa yaliyopoa, katikati kuna unywele wa mtu na kipande cha karatasi kimenasa, yaani mpira ungekumbatiaje hapo. Chukua bomba la sindano bila sindano, dondoshea maji safi ya vuguvugu yasiyo na chumvi mpaka sponji ling'ae, subiri dakika kumi, yanyonye kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, futa ukingo wa mpira pande zote nne. Rudia mpaka kitambaa kitoke bila tope. Halafu fanya klini moja, narudia moja, na karatasi ya kukagua.

Bado? Kunja tishu nzito ya jikoni iwe kama utepe upana wa hedi, ilowanishe isichuruzike, ilaze kwenye njia ya hedi, sogeza hedi ikae juu yake masaa matatu manne au usiku mzima. Ukiitoa utaona michirizi minne ya rangi, na ile ambayo haijachora kitu ndo mgonjwa wako. Hii njia haina haraka lakini haiui hedi.

Mwisho kabisa ndo ile klini kubwa iliyoko kwenye programu ya printa ya kompyuta, Power Cleaning. Hiyo inabadilisha wino wote ulioko kwenye mirija, kwa hiyo matenki yote yawe juu ya theluthi moja, chini ya hapo itavuta hewa na utakuwa umeiua kweli. Ukiifanya mara moja subiri tena masaa 12 kabla ya ya pili. Imeandikwa kwenye kitabu chake lakini nani anasoma kitabu.

Kitu kimoja nakukataza kabisa, mtu asikuletee bomba la sindano akasukuma dawa kwenye hedi kwa nguvu eti anazibua. Mimi nimefanya hivyo, nikiwa mwaka wa kwanza wa hii kazi, printa ya picha ya mteja wa watu. Nikasukuma, ikagoma, nikasukuma kwa kidole gumba na hasira, nikasikia "tk". Nilivyoiwasha njano ikatoka kijani maana kuta za ndani zilipasuka, bluu ikahamia kwa jirani. Nililipa printa nzima kwa awamu nne na mpaka leo yule mama tukikutana ananiuliza kama bado nasukuma.

Ukishapona, zima printa kwa kitufe, subiri itulie na taa izime, ndo uende kwenye ekstensheni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe kwanza ijirudishe kitandani, hata kama ni usiku na huna kazi.

Dada fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule yetu iko nje kidogo ya Sumbawanga. Tuna HP ya katriji mbili, tunaitumia muda wa mitihani tu. Kila tukifungua shule inatoka nyeupe tupu, tunanunua katriji mpya wakati ya zamani ina wino, mkuu wa shule anaanza kunitazama vibaya. Nimeshauriwa nikifunga shule nizitoe katriji nizihifadhi kwenye friji.
*Mwalimu, Rukwa*

Nzuri mwalimu. Aliyekwambia friji mwambie aweke samaki. Katriji ikitoka ndani ya printa ndo inakauka zaidi maana imeacha kitanda chake. Iache humohumo, zima kwa kitufe.

Habari njema ni kwamba printa yako siyo kama ya mama wa hapo juu. Hizo katriji ndogo za HP hedi imo kwenye katriji yenyewe, ule ubao mwembamba wa rangi ya shaba uliopo chini. Kwa hiyo ikifa unatupa katriji, hujaua printa. Na ikikauka kuizibua ni rahisi: weka maji ya vuguvugu kwenye kisahani kina kidogo sana, lowanisha tishu, kandamiza katriji juu yake sehemu ya vitundu ikiangalia chini, dakika mbili mpaka tatu, inua, kandamiza sehemu kavu ya tishu. Ukiona alama ya rangi imejichora imefunguka. Ya rangi lazima ichore michirizi mitatu, ukiona miwili rudia. Ile sehemu yenye vidoti vya shaba vya umeme isiguswe na maji wala kidole, ikilowa ifute na iache ikauke kabisa kabla hujairudisha.

Ila hizi za HP, na Canon nazo, zinarusha wino kwa kuuchemsha. Ndani ya kila kitundu kuna kihita kinachopanda zaidi ya nyuzi 300 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, povu linatokea linasukuma tone. Kinachopoza hicho kihita ni wino wenyewe. Mkiwa mnalazimisha katriji iliyoisha kwa sababu mtihani wa kidato cha pili umebaki kurasa ishirini, mnaunguza vihita, na hapo hata ukijaza wino na kuloweka mwezi haifufuki.

Likizo mpe kazi mlinzi au anayebaki shule, mara moja kwa wiki awashe aprinti ukurasa mmoja wenye rangi zote. Mweleze mkuu kwamba karatasi nne kwa mwezi ni rahisi kuliko katriji mbili.

Dada, mimi nipo Kariakoo nachapa fulana, nimebadilisha Epson L1800 kuwa DTF, ile ya kuchapa kwenye filamu kisha unahamishia kwenye fulana kwa joto. Rangi zote zinadunda ila nyeupe kila Jumatatu inaziba. Nimebadilisha wino mara tatu. Nimechoka.
*Kaka wa Fulana*

Kaka, nyeupe itaziba kwa kila mtu, tatizo siyo duka la wino. Kinachofanya iwe nyeupe ni unga wa titaniamu dayoksaidi, ni mzito, na ndani ya wino unaelea tu haujayeyuka. Ukiuacha unatulia chini kama unga wa ulezi kwenye uji wa baridi. Unatulia kwenye chupa, kwenye mirija, kwenye dampa (kile kifuko kidogo cha wino juu ya hedi), na ukitulia kwenye hedi ndo Jumatatu yako hiyo. Jumamosi saa nane umefunga, Jumatatu saa tatu umefungua, hesabu mwenyewe masaa.

Kwa hiyo Jumapili mtu apite dukani, hata dakika kumi. Chupa ya nyeupe igeuzwe taratibu mara kadhaa, siyo kuitikisa kama soda maana unaleta mapovu, kama una ile pampu ya kuzungusha wino iwake, afu nozo cheki moja na vipande viwili vya nyeupe tupu. Asubuhi za kazi hivyohivyo kabla ya oda ya kwanza. Ukisafiri zaidi ya siku tatu nne usiache wino mweupe mle ndani, utoe, pitisha maji ya kusafishia ya DTF, na uyaache mle kwenye mirija na hedi mpaka urudi.

Halafu nikuulize, ile gundi ya unga ya kushikisha picha kwenye fulana unamwagia wapi? Kama ni meza moja na printa, basi ule unga unaelea na unakaa kwenye kitanda cha hedi, ukikutana na wino ni saruji. Hamisha. Na AC isipulize printa moja kwa moja. Na filamu ikiwa imejikunja pembeni inapiga hedi kwa chini, ukiona mkwaruzo wa rangi kwenye filamu simamisha hapohapo, usiseme nitamalizia hii oda.

Sasa dada fundi, niko Nairobi na kasaiba Githurai. Canon G2010 yangu nyeusi inatoka vizuri page mbili halafu inafifia mpaka inaisha, nikiiacha kidogo inarudi, kisha inafifia tena. Jamaa wa hapa ananiambia ni hedi, niipitishe thina kidogo. Ilianza baada ya mimi kufungua pale katriji zinakaa nikapangusa.
*Wa Saiba*

Poa. Thina ni ya rangi za mageti, itakuyeyushia plastiki na gundi za hedi, mwambie jamaa ahsante na umnunulie chai.

Hujaziba wewe. Kitu kilichoziba hakitoi page mbili safi. Hiyo ni wino haufiki kwa kasi, na umejitaja mwenyewe sababu. Kwenye hizo Canon za G, juu ya kila hedi kuna kitufe cha kubonyeza chini, ndicho kinachounganisha mrija wa wino na hedi. Ulipofungua ukapangusa ukafunga, kitufe hukukibonyeza mpaka mwisho. Hedi inatumia wino kidogo uliobaki ndani, inakauka, ukiiacha inajivutia kidogo kidogo, mchezo unaendelea. Fungua, bonyeza vyote viwili kwa nguvu mpaka vikae chini kabisa, fanya klini moja, subiri. Kama mirija ina nafasi nyeupe za hewa iache usiku. Na usirudie kufungua pale bila sababu, pakae pamefungwa. Ikitokea kweli hedi imekufa, hizo zinauzwa na unabadilisha mwenyewe, ndo raha ya hiyo printa.

Kingine, nyeusi ya G2010 ni pigimenti, yaani wino wenye chembe za rangi zinazoelea, na rangi ni dai, yaani wino ambao rangi yake imeyeyuka. Ukiishiwa nyeusi usijaze ile ya kupima isiyojulikana ni ya nini, zikikutana mbili zisizoelewana zinaganda kama maziwa na ndimu.

Dada, kwa kifupi tu, nisafishie hedi na nini? Spiriti ya duka la dawa, maji ya betri, au ile ya kufutia vioo? Na je, ninunue tu printa ya leza?
*Msomaji, Tanga*

Maji ya kawaida yaliyosafishwa, yale ya distili, vuguvugu, ndo chaguo la kwanza. Maji ya bomba na hasa ya kisima hapana, yale yanayoacha weupe kwenye birika lako ndo yataacha weupe kwenye vitundu.

Maji ya betri hapa soma chupa mara mbili. Kuna ya kuongezea, ambayo ni maji safi, na kuna yenye asidi, na kwenye baadhi ya maduka zote wanaziita maji ya betri na chupa zinafanana. Mimi siyatumii kabisa, sitaki kujikuta nimekosea siku nimechoka.

Spiriti kwa wino wa dai, kidogo, ikichanganywa na maji, inasaidia. Kwa pigimenti inaweza kuigandisha zaidi, kwa hiyo mimi naiweka pembeni. Ya vioo wengi wanasifia kwa sababu ya amonia, na kweli amonia inalainisha wino mkavu, lakini chupa nyingi madukani zina manukato na sabuni na huwezi kujua kilichomo. Kuna dawa maalum ya kusafishia hedi, inauzwa wanakouza wino, chukua hiyo. Petroli, asetoni, thina, naombeni mniachie mafundi wa magari.

Na kwa sababu umeniuliza tena mwishoni kama ununue leza: kama unaprinti mara mbili kwa mwezi, tena nyeusi tu, nunua leza hata ya mtumba, tona ni unga, haukauki, hata ukisafiri miezi sita utaikuta vilevile. Kama unataka rangi za watoto wa shule na picha, baki na ya wino ila kila Ijumaa ukurasa mmoja wa rangi, picha yenye nyekundu, bluu, njano na nyeusi, siyo barua ya Word. Ukichukua leza usiichomeke kwenye yupiesi (ile betri ya akiba ya kompyuta), ile hita yake inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, yupiesi yako ndogo itapiga kelele mara moja na kuzima kila kitu pamoja na kompyuta uliyokuwa hujaseivu.